Tegu wa Saba

Kwanza Osmunda alidhani ni punje ya wali. Ilikuwa nyeupe, bapa, imelala katikati ya jani la mgomba ambalo wifi yake Blandina alilifungua kwa ncha za vidole huku uso ameugeuzia pembeni. Kisha ile punje ikajikunja, ikajinyoosha.

"Nimeikuta kwenye nguo," Blandina alisema. "Tafadhali wifi, Tasilo asijue. Ataogopa."

"Minyoo tu hiyo. Nani hapa Lihumbe hajawahi kuwa na minyoo?"

"Na mtoto je?"

"Mtoto hana neno."

Alilisema kama daktari, ingawa hakuwa daktari wa watu. Osmunda Ngonyani alikuwa mtaalamu wa panya na wa vile vinavyoishi ndani ya panya. Lakini katika nyumba ya mdogo wake, kila aliyesoma viumbe aliulizwa habari za tumbo, na tumbo la Blandina ndilo lililokuwa habari kubwa. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa nne. Zile zilizotangulia hakuna iliyofika hapo; zote zilitoka kabla hajapata hata nafasi ya kumwambia mama yake. Madaktari wa mjini walisema damu yake inapigana na mtoto, wakampa dawa za kuituliza, na dawa hazikusaidia. Safari hii Tasilo alikuwa amemkataza mkewe kubeba maji, na mahindi akayatwanga mwenyewe uani, majirani wakicheka.

Mfukoni mwa koti Osmunda alikuwa na kurunzi ndogo ya mwanga wa buluu, ile anayomulikia kinyesi cha panya kwenye mitego. Aliiwasha kwa mazoea tu, hakuwa na wasiwasi wowote. Ile punje ikang'aa kijani, kijani kibichi kama jani la mhindi mchanga linapopigwa na jua.

Akaizima. Akaiwasha tena.

"Mbona inawaka?" Blandina aliuliza.

Osmunda alijua kwa nini. Rangi ile aliitia yeye kwa mkono wake, ili tegu, mnyoo bapa wa mradi wao wa kupunguza panya, atofautike na mategu wa porini. Waliotangulia sita walikufa au walikataa kuzaliana. Huyu, tegu wa saba, alikubali. Aliumbwa aishi mahali pamoja tu duniani, ndani ya utumbo wa panya shamba, na tumboni mwa binadamu ilikuwa afe kabla hajashika ukuta. Osmunda aliwaahidi hivyo watu wa Lihumbe akiwa amesimama juu ya benchi la shule, mwaka ule panya walipomaliza mahindi hadi ya mbegu, nao wakampigia makofi.

"Unga mnaokula ni wa mahindi gani?"

"Ya kihenge chetu. Kwani kuna nini?"

"Una wale wadudu wekundu?"

"Unga gani hauna wadudu, wifi? Nachekecha. Wengine wanapita."

Osmunda alikunja jani, akalitia mfukoni. Blandina alimtazama usoni mpaka akaelewa ni mnyoo gani, kisha akasema kitu ambacho Osmunda hakukitegemea.

"Huyo mnyoo wenu mimi nataka kumwona. Mzima. Nionyeshe."

*

Kituo kilikuwa juu ya kilima, katika jengo refu la matofali ya kuchoma ambalo zamani lilikuwa ghala la tumbaku. Nje, ndege nyuki za mradi, zile ndogo zisizo na rubani, zilikuwa zimepangwa juu ya meza, matumbo yake wazi, zikingojea kujazwa chambo. Chambo kilikuwa pumba iliyochanganywa na wadudu wa unga, na kila mdudu alibeba lava, yaani tegu mchanga. Zilipopita juu ya mashamba zilinyunyiza pumba ile, panya wakala.

Mtego mmoja ulikuwa umetuma ishara alfajiri, na panya wake alikuwa tayari mezani, amekufa, jike mnene wa rangi ya udongo. Osmunda alimpasua, akautoa utumbo, akaukunjua ndani ya sinia jeupe lenye maji, kisha akauchana kwa mkasi mwembamba. Tegu akaelea nje polepole kama utepe wa lesi.

"Huyu ni mmoja?" Blandina aliuliza. Alikuwa amejifunika pua kwa khanga, lakini macho hayakukwepa.

"Mmoja. Ni mrefu kuliko panya mwenyewe."

"Kichwa kiko wapi?"

Osmunda alikitafuta kwa sindano, kwa sababu kilikuwa kidogo kuliko punje ya ulezi, akakiweka chini ya kioo cha kukuzia. Blandina akainama.

"Ana midomo minne!"

"Si midomo. Ni vinyonyeo vya kushikia ukuta. Mdomo hana, wala utumbo hana. Chakula anakipokea kwa ngozi, akiwa amelala katikati ya chakula cha mwenzake."

"Kama mtoto."

"Mtoto ana kitovu, wifi."

Blandina hakucheka. Osmunda aliendelea kuonyesha kwa sindano, kwa sababu kueleza kulimtuliza. Hapa nyuma ya kichwa ni shingo, na pingili zote huzaliwa hapa. Inayozaliwa huisukuma iliyotangulia, kwa hiyo iliyo mkiani ndiyo kongwe kuliko zote. Hizi za karibu bado changa. Hizi za katikati kila moja ina viungo vya kiume na vya kike, haihitaji mwenzi. Na hizi za mwisho hazina tena kitu ila mayai, zimekuwa vifuko. Zikishaiva zinakatika.

"Zinakwenda wapi?"

"Zinatoka na kinyesi. Mdudu wa unga anakula yai, lava anatoka humo humo ndani ya mdudu, anajifungia kwenye kifuko kidogo anangoja. Akija panya akamla mdudu, lava anaamka, anashika ukuta, anaanza kuota pingili. Ndivyo mzunguko unavyokwenda."

"Na akija mtu akamla mdudu?"

"Ilikuwa afe," Osmunda alisema. "Sijui kwa nini hakufa."

Blandina alikuwa ameacha kutazama tegu. Alimtazama panya. Chuchu zake zilikuwa zimevimba, nyekundu, na mwenyewe alikuwa ameng'oa manyoya ya kifuani ili kutandika kiota. Lakini mfuko wa uzazi, uliokuwa wazi pale mezani, ulikuwa mtupu na mwembamba kama uzi.

"Huyu alikuwa na mimba?"

"Hapana. Alidhani anayo. Hiyo ndiyo kazi tuliyompa tegu. Anaupelekea mwili wa jike ishara kwamba tayari una mimba, na mwili ukishaamini haupokei nyingine. Shambani hatuui panya hata mmoja. Wanazeeka tu bila watoto. Na ili mwili usimtoe, anautuliza, anauambia usimfukuze mgeni. Kila tegu anafanya hivyo kidogo. Huyu tulimwongezea."

Alipomaliza kusema ndipo alipojisikia. Blandina naye alikuwa amesikia, mkono umeshuka wenyewe hadi tumboni.

"Usimfukuze mgeni," Blandina alirudia taratibu. "Wifi, mimi mwili wangu umekuwa ukiwafukuza wote."

"Usiseme hivyo. Labda alikukuta tayari una mimba. Hatujui. Huenda ni bahati tu safari hii."

"Huenda." Kisha macho ya Blandina yakapanuka. "Fotunata! Tunakwenda naye kusaga. Tunachanganya mahindi."

Fotunata alikuwa bibi harusi wa nyumba ya ng'ambo ya kijito. Tangu mavuno hakuwa ameziona siku zake. Matiti yalimuuma, asubuhi alichefukwa, na wakwe walikuwa wamekwisha kuchagua jina. Kipimo cha zahanati kilisema hakuna kitu. Mama mkwe akasema vipimo vya siku hizi vinadanganya.

Osmunda alimtazama tena panya wa mezani, kisha akamfunika kwa kitambaa.

*

Mkuu wa kituo, Mzee Shija, alimsikiliza bila kumkatiza. Alikuwa Msukuma mpole mwenye mazoea ya kukoroga chai hata sukari ikiwa imekwisha kuyeyuka, na siku hiyo aliikoroga mpaka ikapoa.

"Dawa tunayo," alisema. "Kidonge kimoja, tegu anaachia ukuta, anatoka. Kesho kijiji kizima kimeze. Mradi tunausimamisha leo."

"Na Blandina?"

"Nimesema kijiji kizima, Osmunda. Dawa haimdhuru mjamzito, unajua."

"Sihofii dawa. Nahofia tegu kuondoka."

Shija aliweka kijiko chini. "Una uhakika kwamba tegu ndiye anayeishikilia hiyo mimba?"

"Sina."

"Una uhakika kwamba siye?"

"Sina."

"Basi tunazungumza nini?"

"Ndicho hicho tunachozungumza, Mzee. Njia ya kujua ni moja tu. Nimpe dawa, halafu nikae nimtazame. Nikishajua, mtoto huenda hayupo."

Shija aliinuka akaenda dirishani. Chini, moshi wa jikoni ulikuwa ukipanda kutoka Lihumbe. "Na wale wengine? Huyo wifi yako kila siku anadondosha mayai. Choo chao ni cha shimo, kuku wanaingia, wadudu wanaingia. Kila binti atakayekula unga wa pale mwili wake utaambiwa uongo. Atakaa miaka hajui kwa nini. Atapewa talaka. Unaweza kumtazama?"

Osmunda hakuweza. Alikuwa ameyafikiria hayo njia nzima, na kila alipoyafikiria yalimfikisha mahali tofauti. Mwishowe alisema, "Tumlete hapa. Chumba cha mwisho, chenye wavu. Asitoke mpaka ajifungue. Kila kinachotoka mwilini mwake nitakimulika na kukichoma mwenyewe."

"Umeniletea mgonjwa au umeniletea jaribio?"

"Sijui, Mzee. Naapa sijui."

Shija alirudi mezani, akakiokota kijiko, akasema, "Aje kwa hiari yake, asivutwe na mtu. Na habari za tegu utakwenda kuzisema wewe. Mchana, mbele ya watu, kama ulivyowaahidi. Na Fotunata asizisikie mkutanoni."

*

Alimkuta Fotunata amekaa kwenye mkeka anachambua maharage, miguu ameinyoosha mbele kama wafanyavyo wanawake waliochoka na mimba. Alijitahidi kuinuka.

"Shikamoo dada Osmunda. Karibu. Samahani, siku hizi kuinuka kazi."

"Marahaba. Kaa, kaa tu."

Osmunda alikaa naye mkekani. Alianza na panya, akapita kwa wadudu wa unga, akafika kwenye tegu na mimba ya Blandina, na alipofika mwisho Fotunata alikuwa bado anatabasamu, kama mtu anayesikiliza habari za nyumba nyingine.

"Lakini mimi nimeshamsikia akicheza," alisema.

"Fotunata..."

"Juzi. Hapa." Aliugusa ubavu wake. "Mama naye aliweka mkono akasikia."

Osmunda aliutia mkono mfukoni. Alitoa kurunzi na karatasi yenye chembe za choo cha Fotunata, aliyoomba zahanati wampatie kutoka kwenye kipimo cha asubuhi. Kijani kikawaka mchana kweupe, chini ya kivuli cha paa. Fotunata alikitazama muda mrefu. Tabasamu halikuondoka mara moja; lilibaki usoni, kisha likasahau kilichokuwa kimelileta.

"Kwa hiyo mnyoo amempa wifi yako mtoto, mimi ameninyang'anya."

"Hajakunyang'anya. Hakuwepo mtoto."

"Alikuwepo! Watu walinipa hongera. Baba mkwe ameanza kuniita mama fulani." Alisukuma ungo, maharage yakamwagika. "Wewe ndiye uliyesimama kwenye benchi ukasema hatatuingia."

"Ndiyo. Ni mimi."

Fotunata alinyoosha mkono, Osmunda akauwekea kidonge. Hakukimeza. Akauliza, "Wewe hukula hapa kijijini? Hukula ugali kwa mdogo wako?"

"Nimekula."

"Basi meza na wewe. Meza kwanza, nione."

Osmunda alimeza. Fotunata akameza baada yake, bila maji, akalala kwenye mkeka akajifunika khanga gubigubi. Osmunda aliokota maharage moja moja mpaka yakaisha, kwa sababu hakujua ataondokaje.

*

"Mke wangu si panya," Tasilo alisema.

Alikuwa amekwisha kusikia yote mkutanoni, kama wengine. Watu hawakupiga kelele. Wengine walimeza dawa palepale, wengine waliuliza kama mahindi yatupwe. Tasilo alikuwa ameondoka kimya, na sasa alisimama mlangoni mwa nyumba yake, akimzuia dada yake kama mgeni.

"Mnataka kumfungia na panya ili mumlinde mnyoo. Dada, unajisikia unachosema?"

"Sijamwambia aende. Nimemwambia kwamba anaweza."

"Apewe dawa hapa hapa yaishe. Nikikosa mtoto nimekosa. Nitalima."

Blandina alikuwa ndani, akifunga nguo zake kwenye kitenge. Alitoka na furushi mkononi.

"Baba," alimwita mumewe hivyo, ingawa hakuna aliyekuwa bado amemfanya baba, "zile nyingine wewe ulikuwa unaambiwa. Mimi nilikuwa naona."

Tasilo aliondoka mlangoni. Akalichukua furushi.

*

Chumba cha mwisho kilikuwa na kitanda, dirisha la wavu, na choo cha ndoo na majivu. Upande wa pili wa ukuta panya walikuwa wakikwaruza vizimba vyao. Kila asubuhi Osmunda aliichukua ndoo, akaimulika, akaipeleka kwenye tanuru. Na kila aliporudi Blandina alikuwa ameketi kitandani akimngoja.

"Yupo?"

"Yupo."

Wakati huo ndipo Blandina alipokunywa uji.

Tasilo alikuja Jumapili, akasimama nje ya wavu. Jumapili nyingine alikuja na mkeka, akalala barazani, na baada ya hapo hakuondoka tena isipokuwa kwenda shambani. Habari za shamba hazikuwa nzuri. Ndege nyuki zilikuwa zimefungiwa, chambo hakikunyunyizwa, na panya walikuwa wameanza kuonekana mchana wakivuka njia. Watu wa Lihumbe walirudi kulalamika kilimani. Wanawake wao walikuwa wameziona siku zao. Sasa walitaka mahindi yao. Mzee Shija aliwasikiliza wote, akikoroga chai yake.

Tumbo la Blandina likakua. Osmunda aliposikiliza kwa chombo cha kusikilizia moyo alisikia moyo mdogo ukikimbia kama panya aliyeshtuka, akajichukia kwa kufikiria mfano huo.

Kisha asubuhi moja kurunzi haikuonyesha kitu.

Alimulika tena. Alikoroga majivu kwa kijiti, akabadilisha betri, akamulika mkono wake mwenyewe kana kwamba kosa lilikuwa la mwanga. Aliporudi chumbani, Blandina aliuliza, naye akasema, "Yupo," kabla hajajua kwamba atasema hivyo. Kesho yake hakukuwa na kitu. Kesho kutwa, vilevile. Huenda tegu alizeeka akafa. Huenda mwili wa Blandina ulimtambua mwishoni ukamtupa. Huenda alitoka mzima ndani ya ndoo, amejikunja kwenye majivu, na Osmunda akamchoma kwa mkono wake bila kumwona. Na kila asubuhi aliendelea kusema yupo, na Blandina aliendelea kunywa uji.

Siku aliyoshindwa kuendelea ilikuwa kama nyingine. Blandina alikuwa anabangua karanga dirishani, anaimba kwa sauti ya chini.

"Wifi, nimekudanganya," Osmunda alisema. "Mnyoo hayupo."

Karanga zilisimama mkononi. "Tangu lini?"

"Sijui hasa. Wiki hii yote sijamwona. Huenda na kabla ya hapo alikuwa amekwisha kufa, pingili zikawa zinatoka tu."

Blandina hakujisogeza. Alikaa kama mtu aliyetwishwa mtungi uliojaa hadi ukingoni, anaogopa hata kupumua. "Sasa nani anamshika?"

"Sijui."

"Alikuwa anamshika, au hakuwa anamshika?"

"Blandina, sijui. Ningejua ningekuambia."

"Ungeniambia?" Blandina alisema, na Osmunda akainamisha uso.

Walikaa hivyo mpaka jua likahama kutoka kitandani. Kisha Blandina alishtuka, akaukamata mkono wa wifi yake na kuukandamiza tumboni kwa nguvu, bila upole wowote. Chini ya kiganja kitu kikajigeuza, kikapiga teke. Kikapiga tena.

Jioni hiyo hiyo Tasilo alimpeleka mkewe nyumbani. Pikipiki alikuja nayo, lakini aliogopa mtikisiko, akaikokota, na Blandina akatembea kando yake kwa mwendo wa maharusi. Aliogopa kuondoka na aliogopa kubaki, alisema, basi afadhali aogope akiwa kwake.

Mtoto alizaliwa masika yalipoanza, katika hospitali ya parokia. Alikuwa wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa. Walimwita Osmunda, na mwenye jina alipoambiwa aliingia stoo akalia, wala hakujua analia kwa lipi.

*

Swali lilibaki kilimani. Wadudu wenye lava wa tegu wa saba walikuwa bado hai kwenye makopo ya pumba, nyuma ya mlango wa kufuli. Mzee Shija alikuwa ameagiza mara mbili wachomwe, na mara zote mbili alimwita Osmunda akamwambia angoje kwanza.

Siku moja, saa ya chai, mwanamke alipanda kilima peke yake. Hakuwa wa Lihumbe. Viatu alikuwa amevishika mkononi, miguu ina vumbi hadi magotini. Alisalimu, akauliza kama hapa ndipo.

"Hapa ndipo wapi, dada?"

"Wanapotoa mnyoo wa kushika mimba."

Osmunda alisimama mlangoni. "Hatutoi mnyoo. Alikuwa wa panya. Aliingia kwa watu kwa makosa."

"Nimesikia kwa wifi yako alishika."

"Hatujui kama ni yeye. Huenda mimba ilikaa yenyewe. Na mtoto alizaliwa mnyoo akiwa amekwisha kutoka. Hakuna mtu anayejua, hata mimi niliyemtengeneza."

Mwanamke alisikiliza kwa heshima, akiitikia kwa kichwa kila neno, na alipoona Osmunda amemaliza akavaa viatu vyake, kimoja, kingine, kama mtu anayejiandaa kuingia ndani.

"Mimi wametoka watano," alisema. "Hao waliokuwa wanajua ndio waliokuwa wananitibu."

Nyuma ya mlango wa kufuli, wadudu walikuwa wakichakarisha pumba. Osmunda alivuta benchi kutoka ukutani, akalipangusa kwa upindo wa koti.

"Kaa kwanza," alisema. "Upumzike, unywe chai. Kabla hujaniomba kitu, nataka nikueleze habari za mwanamke mmoja anaitwa Fotunata."